Klabu Moja Inatosha: Neno kwa Wanafunzi Wapya wa PCB

    

Leo nataka kuzungumza na watoto wetu wanaoanza kidato cha tano kwa kombi ya PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na ambao ukiwauliza wanataka kuwa nani, wanakujibu bila kusita: daktari. Wapo hapa Korogwe, Kwamndolwa, wapo Manundu na Majengo, wapo Mombo na Hale, na kule Handeni wapo kuanzia Chanika mpaka Mkata na Kabuku. Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa yakitoka, vijana hawa wanafunga mabegi na kutawanyika nchi nzima. Ni hao ninaowalenga. Na wewe mzazi, usiondoke. Kuna mahali nitakugeukia.

Swali letu la leo ni hili. Mwanafunzi anayeutafuta udaktari afanye nini na shughuli za nje ya darasa? Mpira, mdahalo, kwaya, skauti, Msalaba Mwekundu, uongozi wa wanafunzi, umoja wa wanafunzi wa dini yake: azishike au aziache?

Jibu langu nalitoa mapema, kisha nitalieleza taratibu. Shika moja. Ipe saa zake. Na alama zije kwanza. Narudia, kwa aliyekuwa anatafuta stesheni: shika moja, ipe saa zake, na alama zije kwanza.

Kwa nini nimeanza na swali hili? Kwa sababu watoto wetu wanapewa mashauri mawili yanayogombana. Shauri la kwanza linatoka nyumbani: achana na mambo yote, wewe soma tu, mshika mawili moja humponyoka. Shauri la pili linatoka kwenye simu. Kijana anafungua video, anamwona mwanafunzi wa Marekani anaeleza jinsi alivyopata nafasi ya udaktari: alijitolea hospitalini, aliongoza klabu, alishiriki utafiti, alipata barua za kumsifu. Kijana wetu anaifunga ile simu akijiambia, kumbe bila klabu nyingi hakuna udaktari!

Sasa tulia hapo, mwanangu, tuelewane. Marekani, mtu anasoma kwanza shahada ya kawaida, mara nyingi miaka minne, ndipo anaomba chuo cha udaktari. Anapoomba, wanaangalia alama zake, wanaangalia mtihani maalumu wa kujiunga, na wanaangalia pia alichofanya nje ya darasa. Kwao, saa za kujitolea zinasaidia kweli kufungua mlango.

Hapa kwetu mlango unafunguliwa vingine. Unamaliza kidato cha sita, unafanya mtihani wa taifa wa NECTA, kisha unaomba chuo kwa kufuata vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Kwa shahada ya udaktari wa binadamu, iwe Muhimbili pale Dar es Salaam, KCMC pale Moshi, Bugando pale Mwanza au kwingineko, wanachotaka kuona ni ufaulu wa fizikia, kemia na biolojia, yote matatu katika kiwango cha principal, yaani ufaulu kamili wa somo. Waombaji ni wengi kuliko viti, kwa hiyo wanashindanishwa kwa alama. Kwenye fomu ile huulizwi uliongoza klabu gani. Huulizwi kama ulikuwa kaka mkuu au dada mkuu. Kikombe cha mdahalo hakiongezi hata nusu alama kwenye kemia.

Nalisema hili wazi kwa sababu nawapenda hawa watoto. Asitokee mtu akamwambia mwanafunzi wa Korogwe kwamba klabu zitamwingiza Muhimbili. Hazitamwingiza. Kitakachomwingiza ni zile herufi tatu kwenye cheti.

Na herufi hizo zina hila zake. Unaweza kupata A ya biolojia na B ya kemia, ukatembea kifua mbele. Lakini fizikia ikikuangusha ukapata S, njia ya udaktari imefungwa, kwa sababu S haihesabiki kama principal. Wangapi wamekwama hapo? Wanafunzi wengi wa PCB wanalipenda somo la biolojia, kemia wanaiheshimu, na fizikia wanaikimbia. Ukiwa na jioni moja ya ziada, wala usijiulize uipeleke wapi. Ipeleke kwenye somo unalolikimbia.

Tena miaka miwili ya kidato cha tano na sita ni miwili kwa jina tu. Unaingia Julai, na mtihani wa taifa unakukuta Mei ya mwaka wa pili baada ya huo. Toa likizo, toa wiki za mitihani ya ndani na ya majaribio, toa zile siku unazozunguka unatafuta vitabu na kuzoea bweni, kisha uniambie umebaki na nini. Juu ya masomo yale matatu kuna masomo mengine ya lazima, na kuna hesabu zile mnazoziita BAM. Ndiyo maana nasema alama zije kwanza.

Haya. Msikilizaji makini ataniuliza: kama klabu haiongezi alama, na muda wenyewe ni mfupi hivyo, mbona usiwaambie waache tu? Mbona unasema washike moja?

Swali zuri. Nitakujibu kwa jambo lililotokea hapahapa kwetu.

Kuanzia mwaka 2009, Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyofanya majaribio makubwa ya chanjo ya malaria inayoitwa RTS,S. Kwa Tanzania tulikuwa sisi na Bagamoyo. Watafiti wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, walifanya kazi hiyo na watoto wa vijiji vyetu. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani likaipendekeza chanjo hiyo kwa watoto wanaoishi kwenye maeneo yenye malaria. Leo mtoto anapochanjwa huko Malawi au Ghana, ndani ya ushahidi uliomfikishia ile chanjo kuna watoto wa Korogwe.

Sasa fikiria kazi ile ilivyokuwa. Mama amekuja na mtoto mgongoni. Unatakiwa umweleze kwamba hii ni chanjo inayojaribiwa, kwamba ana haki ya kukataa na hakuna atakayemkasirikia, kwamba mtoto atarudi mwezi ujao na mwezi unaofuata, kwamba damu itachukuliwa na kwa nini inachukuliwa. Mama ana hofu. Bibi aliyemsindikiza ana hofu zaidi, na maneno aliyoyasikia kisimani ni mengine kabisa. Je, kemia peke yake itakusaidia kuzungumza na bibi yule? Itakusaidia kuijua dawa. Lakini kumsikiliza mpaka amalize, kumjibu bila kumdharau, kulieleza jambo gumu kwa Kiswahili chepesi, hayo unayapata kwa kukaa na watu.

Hapo ndipo klabu inapopata kazi yake. Mdahalo unakufundisha kusimama mbele ya watu na kusema jambo likaeleweka. Msalaba Mwekundu unakufundisha kumhudumia aliyeumia bila mikono kutetemeka. Timu ya mpira au netiboli inakufundisha kufungwa leo na kurudi uwanjani kesho, na inaupa mwili nguvu. Kwaya na kaswida zinakufundisha kusubiri zamu yako na kumsikiliza mwenzako. Daktari anayahitaji yote hayo. Wodini hafanyi kazi peke yake: kuna muuguzi, kuna mtaalamu wa maabara, kuna mfamasia, kuna ndugu wa mgonjwa waliolala kwenye mkeka nje.

Kwa hiyo tusichanganye mambo mawili. Alama zinakuingiza chuoni. Shughuli zinakuandaa kwa kazi itakayokusubiri baada ya chuo. Yote mawili ni ya kweli, lakini la kwanza likikosekana, la pili hulifikii. Ndiyo maana nilisema, na sasa narudia: moja, yenye saa zake, na alama kwanza.

Tuingie kwenye utekelezaji. Unashikaje moja bila kuangusha nyingine?

Tuiangalie siku ya mwanafunzi wa bweni kwa karibu. Kengele inalia saa kumi na moja alfajiri. Usafi, kuoga, uji, paredi. Vipindi vinaanza asubuhi na kuendelea mpaka saa nane au saa tisa alasiri. Chakula. Kuanzia saa kumi ni michezo, kufua, klabu. Chakula cha jioni, kisha prepo, yaani muda wa kujisomea, tuseme kuanzia saa moja na nusu mpaka saa nne usiku. Halafu kulala. Muda ulio mikononi mwako mwenyewe ni upi basi? Ni ile saa moja au mbili za jioni, ni prepo, na ni mwisho wa juma. Basi. Huo ndio mtaji wako wote.

Kanuni ya kwanza: prepo haiguswi. Klabu ikitaka saa kumi jioni, sawa. Ikitaka Jumamosi mchana, sawa. Ikianza kukuita saa mbili usiku ukafanye mazoezi ya kwaya au kikao cha uongozi, hapo imeingia shamba lisilo lake. Kataa kwa adabu. Sema: mwalimu, naomba nisamehewe, huu ni muda wangu wa kusoma. Hakuna mwalimu mwenye nia njema atakayekulazimisha.

Kanuni ya pili: usijiandikishe popote mpaka umefanya mtihani wa kwanza wa ndani. Muhula wa kwanza wa kidato cha tano unawashtua wengi. Kijana aliyekuwa wa kwanza darasani kwao anakuta darasa zima ni wa kwanza wa kwao. Upe huo muhula nafasi yake. Zunguka, tazama klabu, hudhuria kama mgeni. Matokeo yakitoka, ukaona umesimama wapi, ndipo uchague.

Kanuni ya tatu: alama zikishuka, klabu inapumzika. Usingoje mwalimu wa malezi akuite. Jaribio la fizikia likishuka mara mbili mfululizo, mwambie kiongozi wa klabu unapumzika mpaka jaribio lijalo. Kupumzika si aibu. Na mwezi wa mwisho kabla ya mtihani wa taifa, shughuli zote zimalizike isipokuwa mazoezi ya mwili na ibada.

Na ile moja unaichaguaje? Jiulize maswali matatu. Je, inanikutanisha na watu wa aina mbalimbali? Je, saa zake zinajulikana? Je, nikiiacha kwa mwezi mmoja naweza kurudi? Shughuli ikijibu ndiyo mara tatu, ichukue. Ndiyo maana nawaambia vijana wa PCB waupime mara mbili mbili uongozi wa juu wa wanafunzi. Ukaka mkuu na udada mkuu ni heshima kubwa, na wapo wanaoumudu. Lakini saa zake hazijulikani. Mwanafunzi kaugua usiku, utaitwa wewe. Chakula kimeleta manung'uniko, utaitwa wewe. Kama fizikia yako bado inachechemea, waachie wenzako heshima hiyo.

Kuna shughuli moja naipendekeza kwa namna ya pekee. Kuna mpango unaoitwa Young Scientists Tanzania, ulioanzishwa mwaka 2011, ambapo wanafunzi wa sekondari wanafanya utafiti wao wenyewe na walio bora wanauonyesha Dar es Salaam. Hebu fikiria wawili watatu kutoka huku kwetu wakachukua swali dogo: mbu wa mtaa wetu wanazaliana wapi hasa, kwenye madimbwi ya barabarani au kwenye madumu yaliyoachwa wazi? Wakazunguka nyumba kwa nyumba wakati wa likizo, wakahesabu, wakaandika, wakazungumza na akina mama. Hapo wamesoma biolojia na wamejifunza kuongea na watu kwa mkupuo mmoja. Na hata shule yako ikiwa haina mpango huo, swali lenyewe halihitaji kibali. Linahitaji daftari, na hodi ya heshima mlangoni.

Wapenzi wa mpira najua mnaguna: mzee huyu anataka tuache kabumbu. Hapana. Nani anamkumbuka Sócrates, nahodha wa Brazil kwenye Kombe la Dunia la mwaka 1982 kule Hispania? Alikuwa daktari wa binadamu. Alisoma katika mji wa Ribeirão Preto, na wakati akisoma aliichezea Botafogo ya mji huohuo. Alikwenda kwenye klabu kubwa ya Corinthians mwaka 1978, alipokuwa amekwisha kuhitimu. Mpira hakuuacha, lakini klabu kubwa ilisubiri masomo yaishe. Vijana wa kabumbu, chukueni hilo.

Sasa wazazi, nimefika kwenu. Mzazi mwenzangu, unapomwambia mwanao aache klabu ili asome, je, umewahi kuhesabu shughuli za nje ya darasa unazompa wewe mwenyewe? Binti yuko PCB, amekuja likizo ya Desemba. Anaamka kabla ya jua, anafagia, anachota maji, anapika chai, anawaogesha wadogo zake, anakwenda shamba, anarudi kupika mchana, jioni anakaa dukani. Saa nne usiku anafungua kitabu cha kemia, na kichwa kinaangukia mezani. Kaka yake wa kombi hiyohiyo amekuwa na alasiri nzima ya kusoma. Je, hao wawili watafanya mtihani mmoja kwa haki?

Kazi za nyumbani ni malezi, na sisemi mtoto alelewe kama mgeni. Ninachoomba ni kimoja: mpe saa mbili za mchana, kila siku ya likizo, ambazo hakuna atakayemwita. Wala si usiku akiwa amechoka. Mchana, wakati akili iko macho. Na kaka yake achote maji. Saa hizo mbili hazihitaji fedha, na kwa mtoto wa PCB zinazidi thamani ya vitabu vingi atakavyonunuliwa.

Nimalizie na ninyi mliokwisha kuvuka, mnaosubiri kuingia mwaka wa kwanza wa udaktari. Mmetoka JKT mmekomaa, mkopo umetoka au mnausubiri, na chuo kinafunguliwa. Huko klabu ni nyingi zaidi, na hakuna kengele ya prepo. Kuna chama cha wanafunzi wa udaktari, TAMSA, kuna jumuiya za dini, kuna siasa za serikali ya wanafunzi, kuna ligi za vitivo. Na kuna anatomia, fiziolojia na biokemia, zinazokuja kwa kasi ambayo kidato cha sita hakikuwahi kuiona. Mnayajua maneno ya vyuoni: kupata sapu, yaani kurudia mtihani, na lile baya zaidi, kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Wapo waliodisko wakiwa na akili nyingi tu. Walichokosa ni mipaka.

Ushauri wangu kwenu ni uleule. Semista ya kwanza, tazama tu. Matokeo yakitoka vizuri, chukua moja. Mkiambiwa kuna safari ya kwenda kupima shinikizo la damu kijijini, nendeni, maana pale mtaona kwa nini mnakariri majina ya mishipa. Lakini mrudi Jumapili jioni mkiwa na nguvu ya kusoma. Udaktari ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa mazoezi kwa vitendo kabla ya kusajiliwa kamili na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ni safari ndefu. Hakuna sababu ya kutaka kufanya kila kitu muhula wa kwanza.

Kwa hiyo, wasikilizaji, tumesema nini leo? Tumesema hapa kwetu klabu haiongezi alama, na asikudanganye mtu. Tumesema fizikia, kemia na biolojia ndizo funguo, zote tatu. Tumesema hata hivyo daktari asiyejua kumsikiliza mama mwenye mtoto mgongoni amepungukiwa, na kwamba shughuli moja iliyochaguliwa vizuri inamfundisha. Tumesema prepo haiguswi, muhula wa kwanza ni wa kutazama, na alama zikishuka klabu inapumzika. Na wazazi tumewaomba saa mbili za mchana.

Mwanangu unayeondoka kwenda kuripoti shuleni, nakuomba jambo moja kabla hujapanda basi. Chukua karatasi, andika somo unalolikimbia, na mbele yake andika siku na saa utakayolisoma kila wiki. Chini yake acha nafasi ya klabu yako, moja, utakayoijaza matokeo ya kwanza yakitoka. Karatasi hiyo mwonyeshe mama au baba, naye akuombee. Korogwe na Handeni zinahitaji madaktari waliozaliwa huku, na tunakutegemea wewe.